Pete ya Ngozi

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimesimama nje ya lango la bandari ya Malindi, Unguja, mkononi nina kipande cha boksi chenye majina mawili ya Kimarekani yaliyoandikwa kwa kalamu nene. Meli ilikuwa imetia nanga nje kidogo, nyeupe, yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la Mji Mkongwe. Boti ndogo zilikuwa zikishusha abiria kundi baada ya kundi. Kaka alikuwa garini, akinywa chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa.

Namwita kaka, ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Sote wawili ni wa Kibosho, upande wa Umbwe. Yeye alikuja Unguja miaka kumi na moja iliyopita kutafuta maisha, akawa mwongoza watalii mwenye leseni, na mimi kila likizo ya chuo namfuata kumsaidia msimu wa meli. Ada ya shahada ya umahiri haijilipi yenyewe. Kaka anajua njia na anajua watu. Mimi nabeba maji, nahesabu vichwa, na nikiulizwa swali la historia najibu, maana ndiyo ninayoisomea.

Abiria wa meli kama ile wako wa aina mbili. Wapo walionunua ziara humo humo melini: hao hushuka kwanza, wana stika kifuani, na basi linawangoja. Na wapo waliotafuta mwongozaji wao wenyewe kwa simu, kama hawa wetu. Hao hushuka baadaye, na wakichelewa kurudi, meli haina deni nao. Machi 2024, kule São Tomé, abiria wanane waliokuwa kwenye ziara ya binafsi walichelewa, wakapelekwa na boti ya walinzi wa pwani hadi kwenye meli, na nahodha akakataa kuwapandisha. Ikawabidi waifukuzie meli yao katika pwani ya Afrika Magharibi, nchi hadi nchi. Kaka aliniambia habari ile siku ilipotokea, na tangu hapo saa yake ya mkononi iko mbele dakika ishirini.

Wageni wetu walitoka saa nne na nusu. Meli ilikuwa imetokea Mombasa, na anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano huulizwa kadi ya chanjo. Ya yule bwana ilikuwa imebaki chumbani kwake melini. Alirudi na boti kuifuata, akaja tena, akapanga foleni upya. Afisa hakumfokea wala hakumwonea. Alimwambia tu asubiri, akasubiri. Alipoingia garini uso ulikuwa mwekundu. Alilalamikia viza, ambayo kwa Mmarekani ni dola 100 wakati wageni wengine wengi hulipa 50. Alilalamikia jua. Kisha akauliza, si kwa ubaya nadhani, kwamba wao wameshalipa kila kitu, sasa hawa watu wanawauliza nini tena?

“Pole sana, baba,” kaka akamjibu, akatia gia.

Njiani kuelekea Kizimbani kwenye mashamba ya viungo, mkewe aliniuliza nyumbani ni wapi. Nikasema Kilimanjaro. Yule bwana akageuka, uso umebadilika kabisa. Aliwahi kuupanda! Zamani, akiwa kijana, kwa njia ya Machame. Cheti cha kufika kileleni kinaning'inia ofisini kwake mpaka leo. Nikamuuliza mwongozaji wake alikuwa nani. Akafikiri kwa muda mrefu, hadi tukapita Mwera, akasema alikuwa mtu mzuri sana, mwenye nguvu, anayecheka, lakini jina limempotea.

Usiku ule barazani kaka aliongea kuliko kawaida yake. Miaka michache nyuma wageni fulani walimwalika kwao, wakamtumia barua na kila karatasi iliyotakiwa. Akapanda boti hadi Dar es Salaam, akaingia ubalozi mmoja, akasimama dirishani. Hakumaliza dakika tatu. Hakurudishiwa nauli wala ada, na hakuambiwa amekosa nini. “Mimi sikulalamika,” alisema. “Kwao ni kwao. Lakini yule mzee amesubiri saa mbili kwenye mlango wa watu anaona ameonewa.”

Wakati huo nilikuwa nimekwama kwenye tasnifu yangu. Nilitaka kuandika juu ya Kibosho ya Mangi Sina, na kila nilipoanza niliangukia kwenye orodha ya vita. Maneno ya kaka yalinipa swali nililolikosa: mgeni aliingiaje? Alisubiri wapi, alilipa nini, nani alimshika mkono?

Anayeijua Uchagani anajua kwamba hatuna uhaba wa milango. Kila kihamba kina mpaka wake, na mpaka wenyewe ni safu ya masale, ule mmea wa majani marefu unaokataa kufa. Isale hilo hilo mtu akikukosea hukuletea mkononi kuomba msamaha, na ni vigumu sana kulikataa. Basi jani linalokuambia usivuke ndilo linalokuombea uvuke. Juu ya kihamba kulikuwa na mtaa, juu ya mtaa kulikuwa na nchi ya Mangi, na kati ya nchi moja na nyingine kulikuwa na korongo la mto. Kibosho iko kati ya Weruweru na Karanga. Ukivuka Weruweru uko Machame. Ukivuka Karanga uko upande wa Uru na Moshi. Kwa mtu wa karne ya 19 hizo zilikuwa nchi za nje, na kuvuka bila kujulikana kulikuwa hatari ya kufa.

Mzungu wa kwanza kuandika alivyoingia mlimani ni Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai, nyuma ya Mombasa, mwaka 1848. Mwenzake Krapf alikuwa ameanza kwa utaratibu miaka minne kabla: alifika Unguja mwaka 1844 na kupata barua ya Sayyid Said kwa maliwali wa pwani, kwamba huyu ni mtu wa Mungu asaidiwe. Hiyo ndiyo ilikuwa viza ya pwani. Lakini barua ya Sultani ilikuwa na nguvu mahali ambapo Sultani alikuwa na nguvu, na huko bara hakuwa nayo. Baada ya Taita, Rebmann alimtegemea mtu mmoja aliyeitwa Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyekuwa amekwisha kufika Uchagani mara nyingi. Rebmann alikuwa na watu wachache na mwavuli. Tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe juu ya mlima, na wasomi wa London wakambishia kwa miaka kadhaa. Shuleni tunafundishwa theluji. Bwana Kheri hatufundishwi, ingawa ndiye aliyejua mtu gani asalimiwe kwanza na zawadi gani ikae juu ya mzigo.

Huko Kilema, kwa Mangi Masaki, Rebmann alifanyiwa jambo ambalo nimelisoma mara nyingi mpaka nikaota nalo. Mnyama alichinjwa, kipande cha ngozi yake kikakatwa, na mgeni akavishwa kidoleni kama pete. Rebmann aliliandika neno lenyewe kuwa kishongo. Kuanzia hapo hakuwa tena mpita njia, alikuwa mgeni wa fulani. Atakayemgusa atakuwa amemgusa fulani. Hakuna mhuri wa wino uliowahi kusema hivyo. Mhuri uliopigwa kwenye pasipoti ya yule bwana unasema tarehe, mahali na siku alizoruhusiwa kukaa. Hausemi ni mgeni wa nani.

Nilipoandika hayo mara ya kwanza, msimamizi wangu alipiga mstari chini yake na kuandika pembeni: “Usiwapambe.” Alikuwa na haki. Mwaka uliofuata, 1849, Rebmann alirudi akiwa na wapagazi wengi na bidhaa nyingi, akikusudia kupita hadi Unyamwezi. Majirani zetu wa Machame, chini ya Mangi Mamkinga, walimpokea vizuri kisha wakamwishia mizigo yote, zawadi baada ya zawadi, mpaka akashuka mlimani mgonjwa na mikono mitupu. Charles New naye, wa kwanza kufika penye theluji, mwaka 1871, aliposhuka kutoka juu yeye na watu wake walinyunyiziwa dawa walipofika penye makazi, ili wasiingie na mabaya ya kule. Nikiisoma leo naikumbuka kadi ya homa ya manjano. Alirudi Moshi baadaye, na Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, akamnyang'anya vitu vyake vya thamani. New alifia njiani akirudi pwani, Februari 1875.

Kwa hiyo mlango ule haukuwa wa malaika. Hongo, kabla ya kuwa neno la aibu, lilikuwa neno la kawaida la ushuru wa njia, na mpaka kati ya ushuru na unyang'anyi ulitegemea mwenye mlango ameamkaje. Sina wetu ndiye alikuwa mkali kuliko wengi. Alijenga boma la mawe, akanunua bunduki kwa wafanyabiashara wa pwani, na katika vita vyake na majirani waliotekwa waliuzwa. Wazee wa Kibosho wanamtaja kwa majivuno, wazee wa Uru wanamtaja kwa namna nyingine, na sioni sababu ya kuwaambia watu wa Uru kwamba wamekosea.

Lakini hata chini ya Mangi mkali, mgeni alijua jambo moja: mlima una mwenyewe. Alipaswa kusimama, kutuma salamu, kungoja jibu. Wasafiri wa Kizungu wamejaza vitabu kwa malalamiko ya kungojeshwa. Siku tatu, siku tano, zawadi imerudishwa kuwa haitoshi, Mangi amelala, Mangi anakunywa mbege. Nilikuwa nikiruka kurasa hizo kutafuta “historia yenyewe”. Sasa nazisoma hizo kwanza. Mwenye nguvu ndogo hana njia nyingi za kumwonyesha mwenye nguvu kubwa kwamba hapa ni kwangu. Kumngojesha ni mojawapo, na kwa miaka arobaini na kidogo ilifanya kazi.

Iliisha Februari 1891. Hermann von Wissmann alipanda kutoka pwani na jeshi lenye askari wa Kisudani na wa Kizulu, wapiganaji wa Moshi wakiwa upande wake, akaingia Kibosho. Hakutuma salamu wala hakungoja. Boma la mawe lilivunjwa na watu wengi waliuawa. Sina aliachwa hai, akiwa Mangi chini ya bendera ya watu wengine. Miaka miwili baadaye mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kibosho, na maandishi yanasema Sina alikubali. Alikubali, sawa. Sijui neno zuri la kueleza kukubali kwa mtu ambaye boma lake limebomolewa juzi na anayeomba ni Mzungu mwingine, hata akiwa mpole. Babu yangu alibatizwa katika kanisa lile, na mimi pia, na sitaki kusema zaidi ya hapo.

Molelia, mwanawe Sina aliyekuja kutawala, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, pamoja na Meli wa Moshi, Ngalami wa Siha na wengine. Baada ya siku ile hakuna mgeni aliyengojeshwa tena mlimani, kwa miaka mingi sana.

Katika mwaka ule ule wa 1891, wiki chache tu baada ya Kibosho kuchomwa, alikuja mgeni wa aina mpya. May French-Sheldon alikuwa Mmarekani aliyekuwa akiishi London. Hakuwa mmisionari, hakuwa askari, hakutafuta koloni. Alikuja kuona. Kama kuna mtalii wa kwanza wa Kilimanjaro, mimi namtaja yeye. Alishuka kwenye meli, akapata barua ya Sultani Ali bin Said wa Unguja, akakusanya wapagazi zaidi ya mia, akapanda bara akiwa na machela ya kusukwa, ziara ya binafsi kabisa. Alifika Taveta, akazunguka ziwa Chala, akatembelea Moshi na Marangu. Mbele ya watawala alivaa gauni la dhifa na nywele za bandia za rangi ya dhahabu. Na katika mizigo yake alileta pete nyingi zilizochongwa jina lake, ili awagawie wenyeji.

Nilipofika kwenye pete hizo nilifunga kitabu, nikatoka nje ya maktaba, nikanunua mua. Miaka 43 kabla, mgeni alivalishwa pete na mwenyeji, pete ya ngozi mbichi, na jina lililokuwa juu yake, ingawa halikuandikwa, lilikuwa la mwenyeji. Sasa mgeni ndiye anawavisha wenyeji jina lake. Sidhani alikusudia ubaya. Nadhani alidhani ni ukarimu.

Kazi ya mwongozaji nayo ilibadilika hapo hapo. Bwana Kheri alikuwa mdhamini: akimleta mtu mbaya, yeye ndiye angeulizwa safari ijayo. Mwongozaji wa baada yake akawa mtu wa kukodiwa. Hans Meyer alifika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na katika kitabu chake amemtaja Muini Amani wa Pangani, aliyewalindia kambi ya juu na kuwapikia peke yake kwenye baridi ile. Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, na kwenye sherehe za miaka mia, mwaka 1989, mzee huyo aliheshimiwa akiwa hai. Kuna wanaobisha kama kweli alipanda na Meyer. Mimi nisingebisha kwa sauti Marangu, lakini naona kwamba ubishi wenyewe unatokana na jambo moja: aliyeongozwa ndiye aliyeshika kalamu.

Babu yangu alikuwa mgumu, ndivyo wapagazi wa mlima wanavyoitwa, na njia yake ilikuwa Umbwe, ile iliyosimama wima kama ngazi. Kwa watu wa kwao mpaka wa serikali haukuwa habari ya vitabu. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Watalii wengi walikuwa wakitua Nairobi na kuja mlimani kwa magari ya huko. Tulikuwa na uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro tangu 1971, na hifadhi ya mlima ilifunguliwa rasmi mwaka ule ule wa 1977, lakini uwanja bila ndege ni jani la mgomba bila ndizi. Babu aliniambia kwamba waliketi getini wiki nzima, kamba za mizigo mabegani, na hakuja mtu. Akarudi kwenye kahawa. Nilimuuliza kama aliilaumu serikali. Akasema nyumba ikigombana na jirani lazima mlango ufungwe, ila waliolala nje ni watoto.

Na si wageni peke yao waliokaguliwa. Kwa miaka mingi baada ya Muungano, Mtanzania wa bara akifika Unguja alitakiwa kuonyesha hati ya kusafiria. Baba mkubwa aliwahi kurudishwa na boti kwa kukosa karatasi, akiwa na gunia la maharage la kuuza. Alipokuja kumtembelea kaka, akashuka Malindi na kupita kwenye lango bila kuulizwa kitu, aligeuka nyuma mara mbili. Alikuwa kama anasubiri aitwe.

Mchana ule wa ziara tuliwarudisha wageni wetu saa tisa na robo kwa saa ya kaka, yaani saa tisa kasoro dakika tano kwa saa ya dunia. Papasi walikuwa wamejaa langoni na vinyago vyao. Yule bwana alitupa bahasha, akatushukuru, na akamuuliza kaka jina lake kwa mara ya pili. Akaliandika kwenye simu. Akaomba amtajie na herufi zake, moja moja. Kisha akaenda kusimama kwenye foleni ya kurudi, kadi ya njano mkononi, ameishika juu ili ionekane.

Desemba nilipanda nyumbani kama Wachaga wote. Siku ya pili baada ya Krismasi nilikwenda kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, ambaye nilielekezwa kwamba baba yake alimhudumia mtu aliyeliona boma la Sina likiwa zima. Nilikuwa na barua ya chuo yenye mhuri, kinasa sauti na maswali kumi na manne. Nilisimama kwenye masale, nikapiga hodi. Nilimwona wazi kati ya migomba, anamkatia ng'ombe majani. Alinitazama, akaendelea kukata. Nikapiga hodi tena, nikanyamaza. Alimaliza mzigo wa kwanza, akaenda kuchukua wa pili. Mvua ya manyunyu ilianza. Barua niliiweka ndani ya koti ili isilowe.

Baadaye sana alikuja hadi kwenye mpaka, panga mkononi, akasimama upande wake wa masale.

“Wewe ni wa nani?”

Nilimtajia baba. Akatikisa kichwa. Nikamtajia babu, aliyekuwa mgumu wa njia ya Umbwe.

“Na baba yake?”

Hapo ikabidi nipige simu nyumbani.